Siku Malori Yalipozimwa Mai Mahiu

Mkono wangu hufunga dirisha kabla sijajua kwamba nimeamua kulifunga. Lori likipanda polepole barabara kuu, karibu na nyumba ninayokaa sasa hapa Nakuru, likaachia ule moshi mzito wa dizeli unaonuka kama chuma kilichoungua, mimi huwa nimeshasimama, komeo liko mkononi, masikio yamegeukia chumba cha pili kusikiliza kama kuna mtu anakohoa. Hakuna mtu. Naishi peke yangu, na Nafula, mdogo wangu, ni mtu mzima mwenye kazi yake Nairobi. Lakini mwili haujapata habari hiyo. Mwili bado uko Mai Mahiu, nyuma ya kibanda cha Mama, mwaka niliokuwa darasa la tano.

Kama umewahi kupita Mai Mahiu, labda ulisimama kidogo tu, ukanunua mahindi ya kuchoma, ukaendelea na safari. Sisi tulikuwa wale wanaobaki. Mji wenyewe umekaa chini kabisa ya eskapmenti, na malori yanayokwenda Nairobi hupumzika pale kabla ya kuupanda ule ukuta wa mlima. Madereva wanashuka, wananyoosha migongo, wanatafuta chakula. Mama aliwapikia. Kibanda chake kilikuwa cha mbao na mabati, karibu sana na lami, na chapati zake zilijulikana mpaka Malaba, mpakani. Alianza kuwasha makaa kabla jua halijatoka, akiinama na kupuliza mpaka yashike, na mchana kutwa alikuwa amelisimamia karai, uso wake uking'aa mafuta na jasho.

Nyuma ya kibanda kulikuwa na chumba kimoja, ndicho nyumba yetu. Jioni upepo wa eskapmenti ulipoanza kuteremka na baridi yake, Mama aliingiza jiko ndani, akafunga mlango, akaziba nyufa za ukuta kwa magunia. Lilikuwa jambo la upendo. Tulikaa pale watatu katika joto zuri jekundu, macho yakituwasha kidogo, tukila zile chapati zilizoungua upande mmoja ambazo hakuna dereva angezinunua. Hadi leo napenda chapati iliyoungua.

Nafula alikuwa hajaanza shule. Alikuwa mdogo wa mwili lakini mwenye maneno mengi, na aliyajua malori kwa milio yake. Angekaa juu ya kreti la soda, afumbe macho, aseme hili ni la mahindi, hili limebeba mafuta, hili gari bovu. Malori mabovu aliyaonea huruma. Alisema yana kifua kama yeye.

Maana Nafula alikuwa na kifua. Ndivyo tulivyoita, na kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wamama wa kanisani walisema ni baridi, kwa hiyo Nafula alivalishwa sweta mbili juu ya nyingine hata jua likiwaka, akatembea mikono ikiwa imesimama pembeni kama godoro lililofungwa kamba. Baba alisema ni malori. Mama naye alisema ni Baba.

Hapo inabidi nieleze. Baba alifanya kazi Olkaria, kule mvuke unakotolewa ardhini kutengeneza stima. Alikuwa akichomelea mabomba, na alikuja nyumbani mwisho wa wiki. Alipofungua begi lake chumba kizima kilinuka mayai viza, maana ule mvuke hutoka na harufu hiyo na hushika nguo kama kupe. Mama aliamini kwa moyo wote kwamba harufu ile ndiyo inayomwingia mtoto. Alifua nguo za Baba katika beseni lake peke yake, akazianika mbali kwenye ua wa miiba, ambako hata mbuzi wa jirani, aliyekula kila kitu pamoja na sabuni, hakuzisogelea. Baba alikuwa mtu mpole. Alivua shati nje ya mlango na kuingia na fulana, akitetemeka kwa baridi, na akauliza kwa sauti ya chini kama sasa anaruhusiwa kumshika mwanawe.

Dawa tulikuwa nazo. Tangawizi, vitunguu saumu, mafuta ya kupaka kifuani. Kifua kikizidi, Mama alitupia majani mabichi ya mikaratusi juu ya makaa, pale pale ndani, mlango ukiwa umefungwa, ili Nafula auvute ule moshi wenye harufu ya dawa. Nafula alivuta, akakohoa mpaka akatapika, na Mama alisema vizuri, inatoka.

Mimi nilijifunza kusikiliza. Nilijua kikohozi kikavu na kikohozi chenye maji. Nilijua ile filimbi nyembamba iliyotoka kifuani mwake anapotoa pumzi, na nilijua kwamba filimbi ikinyamaza ghafla si kwamba amepona. Ujuzi huo haukuniacha nitulie popote. Shuleni nilikaa upande wa dirisha nikitazama kibanda chetu ng'ambo ya barabara, miguu ikicheza chini ya dawati, mpaka mwalimu akauliza mbele ya darasa kama nimekalia siafu. Wenzangu walicheka. Nami nilicheka, jicho likiwa bado ng'ambo.

Siku yenyewe ilikuwa ya likizo, na ilianza kwa furaha. Trela lilikuwa limeanguka huko juu kwenye kona na kuziba barabara yote. Hakuna gari lililopanda wala kushuka. Malori yakaanza kujipanga kutoka chini ya mlima, yakafika kwetu, yakatupita, mkia wa foleni ukapotea upande wa Naivasha. Mama alifunga leso upya na kusema leo unga hautatosha. Aliniambia niongeze makaa, na akawasha jiko la pili ambalo kwa kawaida lilingoja sikukuu.

Madereva walikuja kwa makundi. Walikula, wakalaani barabara, wakaagiza chai nyingine. Kila mara uvumi ulipofika kwamba njia inafunguliwa, walikimbia kwenye malori yao, wakasogea urefu wa mtu aliyelala, wakasimama tena. Hakuna aliyezima injini. Ungezima vipi na huenda foleni ikasonga? Ikawa ngurumo moja ndefu, asubuhi yote, mabati ya kibanda yakitetemeka, vikombe vikigongana vyenyewe mezani.

Siku hiyo upepo nao ulikuwa haupo. Moshi ulitoka kwenye mabomba ukakaa. Kufikia saa za mchana hatukuuona tena mlima. Ladha yake ilikuwa kwenye chai. Nilipopangusa meza kitambaa kilitoka cheusi, na nilipopangusa pua, vilevile. Mwanamke aliyekuwa akiuza vitunguu kando yetu alifunga leso puani akasema macho yake yanatoka machozi kama ndiye anavikata. Tulicheka. Kisha nikageuka kumtafuta Nafula juu ya kreti lake.

Alikuwa amekaa ameinama mbele, mikono imeshika magoti, mabega yamepanda hadi masikioni. Hakuwa akikohoa. Chini ya zile sweta mbili shingo yake ilikuwa ikiingia ndani kila alipojaribu kuvuta pumzi. Nilimwita jina. Alinitazama, akafungua mdomo kunijibu, neno halikutoka. Midomo ilikuwa imegeuka rangi, kama mtoto aliyekula zambarau.

Mama aliacha chapati kwenye karai. Sijawahi kumwona akifanya hivyo kabla wala baadaye. Alimnyakua Nafula akakimbilia chumbani, akasimama mlangoni, maana huko ndani moshi ulikuwa mbaya zaidi. Akarudi mbele, barabarani, akasimama tena. Aligeuka huku na huku na mtoto mikononi kama mtu anayetafuta pa kuweka mzigo, na hapakuwa na pa kumweka. Kila upande ulikuwa na lori, na kila lori lilikuwa linanguruma.

Sikutumwa. Nataka kusema nilifikiri, lakini sikufikiri. Nilikimbia kwa lori la kwanza, nikapanda kidato, nikagonga kioo kwa ngumi. Dereva alishusha kioo akidhani naleta chai.

"Zima injini," nilimwambia. "Mdogo wangu hapumui."

Alitazama juu ya kichwa changu, akamwona Mama, akazima papo hapo. Nikashuka, nikaenda la pili. Huyo aliniuliza nani amenituma. La tatu dereva alikuwa amelala, na ni tanboi, yaani utingo wake, kijana mwenye kofia ya sufu, aliyenyoosha mkono akazungusha ufunguo kisha akaruka chini na kuanza kugonga milango ya upande wa pili. "Boss, zima kidogo," nilimsikia akisema, akitembea kutoka lori moja hadi jingine. "Kuna mtoto amezidiwa. Zima tu kidogo."

Nilifika kwa Mzee Njoroge, mteja wetu wa siku nyingi, aliyependa chai isiyo na sukari. Lori lake lilikuwa kuukuu kuliko yote kwenye foleni, na moshi wake mweusi kuliko wote. Aliponiona alishuka mwenyewe. Nilimweleza. Alikuna kichwa, akatazama lile lori kama mtu anayetazama mnyama wake mzee.

"Nekesa, hii nikizima haitawaka tena. Stata imekufa. Huwa naiwashia kwenye mteremko."

Pale tulipokuwa hapakuwa na mteremko wa mbele, ulikuwapo mlima tu. Nilibaki nimemtazama, miguu ikipigapiga chini. Aliangalia kule Mama alikokuwa, akapanda, akazima. Lori lilitikisika mara moja, likanyamaza.

Sijui jinsi ya kuueleza ukimya ulioingia. Ulikuja kwa vipande, injini moja baada ya nyingine, mpaka nikasikia kuku. Nikasikia redio mahali fulani. Nikasikia, kutoka mbali kiasi kile, filimbi ya kifua cha Nafula, na ndipo nilipoanza kulia, maana filimbi ilimaanisha hewa inapita.

Bado hatukuwa na gari la kwenda hospitali, kwani hakuna kilichokuwa kikishuka kutoka Nairobi. Lakini pikapu moja iliyotoka upande wa Narok na viazi ilikuwa imechoka kungoja na inageuza. Mwenye gari alishusha magunia yaliyokuwa kwenye kiti cha mbele yakabaki kando ya barabara, Mama akaingia na Nafula, mimi nikapanda nyuma juu ya viazi bila kuuliza mtu. Tulipoondoka nilimwona Mzee Njoroge amesimama kando ya lori lake lililokufa, mkono juu. Baadaye tuliambiwa kwamba njia ilipofunguliwa madereva walilivuta kwa mnyororo. Hakuna aliyelipigia honi.

Hospitalini Naivasha walimvua Nafula zile sweta, wakamfunika pua na mdomo kwa kifuniko cha plastiki kilichounganishwa na mashine iliyotoa ukungu wa dawa. Mimi sikuweza kukaa kwenye benchi. Nilizunguka kitanda mpaka muuguzi akanipa kazi ya kushika mguu wa mgonjwa, na nadhani alifanya hivyo ili nitulie. Taratibu shingo iliacha kuingia ndani. Midomo ilirudi rangi yake. Neno la kwanza alilosema Nafula ni kwamba mashine ile inalia kama pikipiki ya pasta.

Daktari alikuwa dada wa umri mdogo, mwenye sauti ya kuchoka. Alisema ni pumu. Alimuuliza Mama kama kuna mtu anavuta sigara nyumbani, na Mama akajibu kwa haraka, kidogo kwa kujivunia, kwamba sisi ni watu wa kanisa. Kisha akauliza tunapikia nini, na tunapikia wapi. Mama alieleza. Alieleza jiko la kuingiza ndani, na magunia kwenye nyufa, na majani ya mikaratusi, na kila alichotaja nilimwona akianza kukisikia yeye mwenyewe kwa mara ya kwanza, sauti ikishuka, mpaka lile neno la mwisho alilitamka akitazama sakafu.

Daktari hakumgombeza. Nakumbuka alivuta kiti akakaa, jambo ambalo watu wa hospitali hawakufanya mara nyingi.

"Nyinyi wote mnavuta moshi mmoja," alisema. "Lakini huyu mapafu yake bado yanakua, na njia zake za hewa ni nyembamba. Zikivimba kidogo tu, hakuna nafasi inayobaki. Toa jiko ndani ya nyumba, mama. Na kama kuna mahali mbali na barabara anaweza kukaa, mpeleke."

Mama aliuliza kuhusu nguo za Baba. Alilazimika kuuliza. Daktari alisema harufu iliyobaki kwenye shati haiwezi kufanya mambo kama haya. Jumamosi hiyo Baba aliporudi alikuta kamba ya kawaida ikimngojea, na nguo zake zikaanikwa katikati ya zetu. Alizitazama tu kwa muda, zikipeperushwa pamoja na za watoto, halafu akaenda kumbeba Nafula akiwa na shati lake mwilini.

Mbali na barabara tulikuwa na mahali pamoja tu: kwa Anti Rispa, dada yake Baba, aliyekaa mtaa wa Section 58 huku Nakuru katika nyumba ya mawe yenye madirisha makubwa, na aliyepikia gesi. Nafula alipelekwa huko kabla likizo haijaisha, na nguo zake katika mfuko wa unga na pampu ndogo ya kuvuta dawa aliyopewa hospitalini ikining'inia shingoni kwa uzi ambao Mama aliusuka mwenyewe. Hakulia. Aliyelia ni mimi, na Mama aliniambia niache, halafu akaenda kuwasha makaa.

Sitadanganya kwamba Section 58 palikuwa peponi. Vumbi lilikuwepo, na jirani mmoja alipenda kuchoma takataka za plastiki jioni mpaka Anti Rispa akaenda kumkalia mlangoni na kiti chake, akashona kitambaa chake pale kila jioni hadi yule bwana akaona aibu. Lakini Nafula alinawiri. Alivua sweta. Akaanza shule, na mwaka uliofuata Baba alikuja na habari kwamba amekimbia mbio za shule na hakuwa wa mwisho. Mimi nilikwenda kumwona nilipoweza, na kila nilipofika kitu cha kwanza nilichofanya ni kuweka sikio mgongoni pake, naye akanisukuma.

Alipokuja Mai Mahiu kututembelea, kikohozi kilimpata siku ya pili, na Mama mwenyewe ndiye aliyemfungia mzigo arudi. Safari moja aliuliza, akiwa na mdomo umejaa chapati, kwa nini Mama asihamie Nakuru pia. Mama alicheka akasema, na madereva nitamwachia nani? Tukacheka wote. Jiko sasa lilikaa nje ya nyumba. Chumba chetu kilikuwa baridi, lakini hewa ilikuwa safi, na sisi tuliona tatizo la moshi limekwisha. Aliyekuwa akikohoa alikuwa ameondoka. Mama alirudi kwenye karai lake, akainama, akapuliza.

Miaka ikapita hivyo. Nilimaliza shule, nikawa mwalimu, nikaja Nakuru. Nilipokwenda kumwona Mama nilisikia asubuhi akikohoa nje, naye alisema anasafisha koo. Njiani kwenda kanisani alianza kusimama na kila mtu. Aliwauliza habari za ng'ombe, za wajukuu, za mvua, na mimi nilimwambia Baba kwamba Mama uzeeni amependa watu. Nadhani Baba, aliyezoea kusimama nje ya mlango na kungoja, alikuwa ameshaelewa kwamba Mama anasimama kwa sababu hawezi kutembea.

Tulimleta hospitali hapa Nakuru, mimi na Nafula, kila mmoja upande wake. Daktari aliuliza amevuta sigara miaka mingapi. Mama alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na alipopata sauti akasema, "Sigara? Mimi nilikuwa napika chapati."

Walimpa bomba la plastiki lililounganishwa na mashine, wakamwambia avute pumzi kisha apulize kwa nguvu zake zote. Kijana wa mashine alimhimiza: puliza mama, puliza, puliza, usiache. Nilimwona Mama akiinama kidogo kama alivyoinama kila alfajiri ya utoto wangu, mashavu yakajaa, akapuliza. Kwenye kioo cha mashine mstari ulipanda kidogo, ukalala. Walirudia. Ulilala pale pale. Daktari alitueleza kwamba njia za hewa zimekakamaa na kwamba kilichopotea hakirudi, kilichobaki ndicho cha kulinda. Nafula alitoka nje. Mimi nilibaki nimesimama, nikibadilisha mguu, kama kawaida yangu.

Utotoni nilidhani moshi ni wa yule anayekohoa. Nilimchunga Nafula kwa masikio, kwa macho, kwa miguu isiyotulia, na niliamini kwamba tukimtoa yeye pale basi tumeshinda. Sikujua kwamba moshi humkaba mtoto kwa mchana mmoja na kumla mtu mzima polepole bila hata kumkatiza kazi. Daktari yule wa Naivasha alisema wazi kwamba sote tunavuta moshi mmoja. Nilimsikia. Mama alimsikia. Lakini siku hiyo kulikuwa na mtoto kitandani, na hakuna yeyote kati yetu aliyewaza kuuliza habari za kifua cha aliyembeba.

Sasa Mama na Baba wanakaa Section 58, nyumba chache kutoka kwa Anti Rispa. Kuna dawa ya asubuhi na ya jioni, na kuna jiko la gesi ambalo Mama analilaumu kwamba haliunguzi chapati vizuri. Kibanda alimwachia yule wa vitunguu. Nampigia simu kila siku nikitoka darasani. Namuuliza kifua chake kikoje leo, nangoja, nasikia pumzi inavyopanda na kushuka kabla ya neno. Kisha ananiuliza kama nimesikia habari za Nafula, na kama huko Nairobi anafunga dirisha.